Madumu Manne Chumbani kwa Masoudi

Nachingwea,
12 Novemba 2024

Mdogo wangu Mwanne,

Nakusalimu. Hapa kwetu sote tu wazima. Wifi yako Raudha amemaliza kuokota korosho za mwisho na sasa analalamikia mgongo. Joto ni kali. Mawingu hukusanyika kila alasiri, yakatisha watu, kisha yakatawanyika.

Nimekupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza nilimsikia jogoo wako. Mara mbili zilizofuata sikumsikia hata jogoo. Nimeacha. Jambo lenye hatua halielezwi kwa simu. Huandikwa, msomaji akarudi nyuma anapokwama.

Jambo lenyewe ni maji. Mvua zikianza, barabara ya Mandawa hukatika na kisima chenu cha bondeni huingiwa na maji ya juu. Mwaka jana mlikunywa tope wiki nzima, nawe ukaniambia baada ya mambo kwisha. Mwaka huu isiwe hivyo. Mumeo ametoka hospitali juzi tu, na mimi ndiye niliyekuwa naye hapa wodini siku zote tisa. Daktari alisema Masoudi apate maji safi. Hilo ndilo alilosema.

Kwa mkono wa Safina, yule mama wa dagaa anayekuja gulio la Nachingwea na kurudi Ruangwa kwa kupitia Mandawa, nakuletea madumu manne mapya ya lita ishirini, ndoo moja mpya, kata mpya yenye mpini mrefu, mche wa sabuni, bafta nyeupe mita tatu, na vidonge vya kutibu maji. Usitumie dumu la zamani hata moja. Najua madumu ya zamani nyumbani kwako yalikuwa na dawa ya mikorosho, na dawa ile haitoki kwa kusuuza.

Osha madumu kwa sabuni, yasuuze mara tatu. Kunja bafta mara nne, funika mdomo wa ndoo, chuja maji polepole. Mimina katika dumu, tia kidonge kimoja kwa kila dumu, tikisa, ngoja nusu saa. Funga kifuniko. Weka madumu juu ya ubao, si chini, katika chumba chenye giza na mlango unaofungika. Andika juu ya kila dumu tarehe ya kubadilisha maji, yaani miezi sita kutoka siku ya kujaza. Anayechota asitumbukize mkono. Wewe na Masoudi mkitumia lita nne kila mmoja kwa siku, kunywa na kupika, mtakaa siku kumi bila kukanyaga kisimani.

Maji hayo ni akiba. Yasifunguliwe kabla ya shida.

Kaka yako,
Ausi Seleman


Mandawa,
Ijumaa

Kaka yangu Mwalimu,

Shikamoo. Mpe wifi pole ya mgongo, mwambie na wangu si mzima sana. Mbuzi wetu amezaa mapacha, mmoja mweusi, mmoja hana rangi ya kueleweka. Shemeji yako anakaa barazani asubuhi, jua likipanda anaingia ndani. Anakula uji, na jioni ugali kidogo kwa mlenda. Tulikuwa tumeanza kufurahi.

Mzigo umefika. Safina aliushusha hapa uani mchana, kila mtu akiona, bafta ikiwa juu kabisa. Madumu alikuwa ameyafunga pamoja na ndoo, na kata imechomekwa ubavuni. Unamjua Safina, haondoki kwangu bila kula. Safari hii hakukaa. Alinishika mkono akasema, "Mwanne, Mungu akupe subira," akaenda zake. Nilibaki nimesimama na mzigo.

Kaka, nakuuliza kwa adabu. Wifi aliviona vitu hivi vikiwa pamoja? Hakusema neno? Na daktari je, hakusema neno jingine? Wewe ulikuwa naye siku tisa, mimi nilikuwa huku na korosho. Mimi ni mtu mzima, nimezika wazazi wetu pamoja nawe. Kama lipo neno, niandikie tu.

Jambo jingine ni chumba. Stoo imejaa magunia ya korosho na mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho. Sebule haina mlango. Sijui madumu niyaweke wapi.

Shemeji yako anakusalimu. Hajaviona vitu. Nimevifunika kwa mkeka.

Ndugu yako,
Mwanne


Nachingwea,
5 Desemba 2024

Mdogo wangu Mwanne,

Nimepokea barua yako. Imenifikia jana, na haina tarehe. Umeandika "Ijumaa". Ijumaa zimepita tatu tangu nikuandikie. Sijui kama mlenda anaoula Masoudi ni wa mwezi uliopita au wa juzi. Barua isiyo na tarehe ni kama dumu lisilo na tarehe: huwezi kujua kilichomo kama bado kinafaa.

Nafurahi kwa mapacha wa mbuzi. Raudha ameshapona mgongo. Sasa ni goti.

Unauliza kama wifi yako aliviona vitu vikiwa pamoja. Aliviona. Yeye ndiye aliyevifunga. Sielewi unachouliza. Kama ni ubora wa bafta, niliichagua mwenyewe. Ni nzito na haitoi nyuzi. Kuhusu subira aliyokuombea Safina, labda amewahi kuchuja lita themanini za maji na anajua kwamba mikono huchoka. Na daktari, nimekwisha kukuandikia alichosema. Apate maji safi. Sioni sababu ya kurudia.

Kuhusu chumba, umefanya vyema kuikataa stoo. Maji ya kunywa hayakai na salfa. Lakini jibu ni rahisi, nami nashangaa hukuliona. Chumba anacholala Masoudi kina dirisha dogo, kina mlango, na hakipigwi na jua. Weka madumu humo, upande wa miguuni, juu ya ubao. Ondoa mkeka, fanya kazi. Mwaka umekaribia kwisha na mvua haingoji mtu.

Kaka yako,
Ausi Seleman


Mandawa,
19 Desemba 2024

Kaka yangu Mwalimu,

Shikamoo. Leo nimeanza na tarehe.

Tuko hivyo hivyo. Yule mbuzi mweusi amekufa, mwenzake anaendelea. Mvua mbili zimenyesha, ndogo, za kunusisha ardhi.

Nimefanya kama ulivyoandika, hatua kwa hatua, na barua yako nimeiweka mbele yangu kama mtoto wa darasa la tatu. Nimeosha, nimesuuza mara tatu, nimechuja, nimetia vidonge. Tarehe kumi na mbili niliyaingiza madumu chumbani kwa shemeji yako, nikayapanga miguuni pake juu ya ubao. Juu yake nimeandika kwa mkaa "12 Juni". Bafta niliifua, nikaianika, nikaikunja, nikaiweka juu ya madumu. Kata nimeitundika msumarini.

Alikuwa macho. Alinitazama kazi yote hiyo. Nilipomaliza akauliza, "Mwanne, tarehe kumi na mbili Juni kuna nini?"

Nikamwambia, "Ni ya kubadilisha maji."

Akasema, "Sawa." Akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo haendi barazani. Uji anaonja, anarudisha. Ugali hataki. Nimemuuliza anaumwa wapi, anasema haumwi. Jumapili nikaona niyafungue maji kabla ya shida, unisamehe, nikamtilia kikombe kutoka dumu la kwanza. Alikinusa, akakiweka chini taratibu kama kitu cha mtu mwingine. Majirani wanakuja kutwa. Wanakaa mkekani, wananong'ona, wanaondoka. Wiki nzima sijapika peke yangu.

Kaka, nimwite Huzaifa kutoka Dar es Salaam? Ni mwanawe wa pekee. Likimkuta baba yake jambo naye hayupo, hatanisamehe. Nijibu hilo tu, mengine niachie.

Ndugu yako,
Mwanne


Nachingwea,
24 Desemba 2024

Mdogo wangu Mwanne,

Nakupongeza kwa tarehe, na kwa kazi. Pole kwa mbuzi.

Hata hivyo, barua yako nimeisoma mara nne na sijaielewa. Nilimpa Raudha naye aisome. Akaisoma, akaingia jikoni. Nilipomuuliza akasema, "Mwalimu, wewe ndiye msomaji." Basi nimebaki mimi na karatasi.

Unauliza umwite Huzaifa. Huzaifa wa nini? Madumu yamekwisha kupangwa. Lita ishirini mtu mmoja anaweza kuziinamisha, na kama huwezi, utachota kwa kata. Usimtoe kijana wa watu kazini kwa sababu hiyo.

Kuhusu Masoudi kukataa maji, hapo nimeelewa. Ni harufu ya dawa. Wengi huikataa mwanzoni. Chukua vikombe viwili, mimina maji kutoka kimoja kwenda kingine mara kumi, kisha uyaache wazi kidogo. Harufu itapungua. Mwambie pia asidekezwe. Mtu aliyetoka hospitali hutaka kubembelezwa, akibembelezwa huzidisha. Na hao majirani, waambie mgonjwa anahitaji kupumzika.

Lakini lazima anywe, Mwanne. Narudia: lazima anywe ya madumuni, si ya kisimani. Usiniulize sababu. Fanya tu.

Kaka yako,
Ausi Seleman


Mandawa,
14 Januari 2025

Kaka Mwalimu,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi. Sisi wazima, isipokuwa mmoja.

Nilimimina maji kutoka kikombe hadi kikombe mara kumi, kama ulivyosema. Nilifanya mbele yake. Nilipofika mara ya sita akafumba macho, akaanza kusoma shahada. Hapo kikombe kikaniponyoka. Nilikwenda uani nikakaa juu ya kinu mpaka Prisca, jirani yetu, akaja kuniinua.

Sasa nitasema, maana kusema kwa kuzunguka kumetupotezea miezi miwili. Nilikuwa naogopa kulitaja jambo hili kwa sababu hata kulitaja ni uchuro. Lakini wewe umesoma mpaka umesahau nyumba ulimozaliwa. Kwetu, mgonjwa akiwa ndani, hakuna anayeteka maji ya kuweka kando. Hakuna anayenunua ndoo mpya wala kata mpya. Mama alikuwa hata sabuni mpya hakati, mpaka mgonjwa ainuke au roho itoke. Maji ya kuwekwa yakafunikwa, yasiguswe, ni maji ya kuoshea maiti, na yale huchotwa baada ya kifo, si kabla. Anayeyachota kabla anamwita mauti kwa jina.

Umenitumia ndoo, kata, sabuni, madumu ya maji ya kutoguswa, na bafta, Kaka. Bafta nyeupe, nguo ya sanda, katika nyumba ya mtu aliyetoka hospitali. Umebakiza udi na ubani tu. Halafu ukaniambia niviweke miguuni pake.

Safina alipita navyo Mandawa nzima, kwa hiyo watu wote wanajua kwamba Mwalimu aliyekaa na daktari siku tisa ametuma vitu vya msiba. Nami nilijua hivyo hivyo. Nilidhani unaniambia kwa vitu kile ambacho huwezi kuniambia kwa mdomo. Ndiyo maana nilikuuliza kuhusu daktari. Ukanijibu habari ya nyuzi za bafta.

Yeye naye amejua. Anaamini nimepewa tarehe yake, na kwamba imeandikwa kwa mkaa pale. Hali chakula kwa sababu haoni faida. Maji ya madumu hayagusi. Amemwomba Prisca amletee ya kisimani kwenye birika, na mimi nilinyamaza, maana angalau anakunywa kitu. Mvua imeanza sawasawa tangu mwaka mpya. Maji ya kisima yamekuwa kama chai ya maziwa. Jana alikwenda chooni mara tatu. Leo tumbo limetulia.

Sikulaumu. Nataka kujua kitu kimoja. Daktari alisema nini?

Mwanne


Nachingwea,
16 Januari 2025

Mwanne, ndugu yangu,

Safina amenipa barua yako leo saa nne gengeni, nami nimeisomea hapo hapo nimesimama.

Birika la kisimani liondoke nyumbani humo leo. Hilo kwanza. Akiharisha tena, chukua maji ya dumu, changanya na chumvi na sukari, mnyweshe kidogo kidogo bila kukoma.

Sasa nakujibu. Daktari alinitoa nje ya wodi akaniambia kwamba figo za Masoudi zimechoka lakini hazijafa. Akila vizuri na kunywa maji mengi safi, anaweza kuishi miaka. Kisha akasema, "Mzee, mwili wake hauna akiba. Akiharisha siku tatu mfululizo, atawatoka." Hayo ndiyo aliyosema. Nilikuandikia nusu tu kwa sababu nilijua utaogopa, na mwenye hofu hakosi kumwambukiza mgonjwa. Nikajiona nina busara. Nikatafuta kila kitu kinachohitajika ili asiharishe, nikavipanga kwa orodha, nikaviangalia, nikaona havina kasoro.

Raudha aliona kasoro. Alipokuwa akifunga mzigo aliniambia, "Tuma vidonge na madumu mawili wiki hii. Bafta na kata vifuate." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Basi tu." Nikamwambia kwamba "basi tu" si sababu, na kwamba Safina haendi Mandawa kila siku. Angesema angechuria, hakusema, nami sikuuliza mara ya pili. Mimi niliyebeba jeneza la mama yetu upande wa kulia, niliyemiminia maji mikononi mwa waosha wa baba, nikasahau. Sijasahau, sikukumbuka kwamba vitu ni vile vile. Sijui hata namna ya kulieleza hilo. Miaka thelathini na sita nimefundisha watoto kusoma kilichoandikwa, na barua zako mbili zote niliziona kama maneno yaliyopotea njia.

Mweleze Masoudi. Msomee barua hii yote, na neno la daktari usilipunguze. Mwambie maji yale niliyatuma ili asife. Mwambie shemeji yake amekosa adabu bila kujua, na anaomba radhi.

Ningekuja mwenyewe. Alasiri hii nilipanda lori la mbao, tukafika mtoni, daraja lina maji juu yake, tukarudi. Safina hasafiri tena mpaka mto upungue. Barua hii nampa mtu yeyote atakayevuka kwa miguu. Sijui itakufikia lini. Sijui utakapoisoma kama bado itakuwa na kazi.

Ausi


Mandawa,
10 Februari 2025

Kaka yangu Mwalimu,

Shikamoo, wewe na wifi, na goti la wifi. Kwetu mahindi yamefika magotini pia, ufuta unaota, na yule mbuzi asiye na rangi ameanza kutuibia majani ya kunde.

Barua yako ya tarehe kumi na sita Januari imenifikia tarehe nne Februari. Imeletwa na mwashi aliyevuka mto nayo ndani ya kofia. Wino ulikuwa umetoka kidogo, lakini neno la daktari lilibaki. Ngoja nikueleze kilichotokea kabla yake, maana nilikuwa sijui ulilojibu, wala kama umejibu.

Tumbo lilirudi tarehe ishirini na nane. Siku hiyo alikwenda chooni mara saba, na usiku akashindwa kwenda. Asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani. Nilikwenda kupiga simu kwenye kilima cha shule, kumwita Huzaifa, nikapata, akasema anaanza safari lakini magari yanaishia njiani. Nikarudi nimelowa. Kumbe nyuma yangu amekuja Obadia.

Obadia wa Nambilanje unamkumbuka, mtani wetu, yule aliyelala ndani ya kaburi la baba akakataa kutoka mpaka tukampa kuku. Alikuwa amesikia gulioni kwamba maji ya Masoudi yamekwisha kutekwa, akaja kwa miguu na mwavuli uliovunjika. Nilipoingia nilimkuta chumbani ameketi juu ya dumu la tatu, anapiga la nne kama ngoma.

"Wewe Masoudi," anasema, "hata kufa ni mvivu. Maji yako yako tayari tangu mwezi wa kumi na mbili, watu tunangoja, wewe umelala tu. Na mimi mtani wako hukunialika. Nani atakutukana njiani kuelekea makaburini?"

Shemeji yako alikuwa anatazama dari.

"Haya, kama hutaki kuoga, tupishe tulio na kiu. Nimetoka Nambilanje kwa miguu." Akashusha ile kata msumarini, akafungua dumu. Nilimshika mkono. Nilimwambia, "Obadia, hayo hayanywewi." Alinitoa mkono kama anamtoa nzi. Akachota, akanywa. Akachota tena, akanywa. Prisca mlangoni alijifunika uso kwa khanga.

Kisha Obadia akasimama anajilamba midomo, amekunja sura.

"Mwanne," akasema, "haya maji yana dawa ya hospitali."

Nikasema, "Yana vidonge. Mwalimu alivituma. Ni vya kuzuia tumbo."

Akanitazama, akamtazama Masoudi, akatazama kata. "Ninyi ukoo wenu nimewachezea tangu utoto sijapata kuona mambo haya. Maiti gani huyo anatiliwa dawa maji yake ili asiumwe na tumbo?"

Kaka, nilisimama pale nikaona kwamba ni kweli, na kwamba nimekaa na neno hilo miezi miwili sijaliona, maana vidonge nilivitia kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nahesabu bafta, nahesabu kata. Vidonge sikuvihesabu.

Kitandani ikatoka sauti. Nilidhani anakata roho. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Obadia akamwinua. Akasema, "Mwanne, nipe na mimi kabla mtani huyu hajayamaliza." Obadia akasema hampi, kwani ni yake sasa, ameyateka vitani. Wakagombana. Shemeji yako, mtu aliyeshindwa kwenda chooni, alimnyang'anya kata.

Nilichanganya chumvi na sukari ndani ya maji hayo, nikamnywesha kutwa, kijiko kwa kijiko. Obadia alikaa siku mbili akimtukana kila anapotaka kulala. Siku ya tatu tumbo lilisimama. Sisemi amepona. Miguu bado haina nguvu, na zipo asubuhi ambazo simwelewi. Huzaifa alifika tarehe mbili na tope mpaka kiunoni, akakuta baba yake anakula uji, akakaa chini akalia, akarudi kazini juzi.

Sehemu kubwa ya bafta Obadia aliifunga kilemba akaondoka nayo. Mtani hadaiwi. Nachujia kipande kilichosalia, kinatosha.

Barua yako nilimsomea yote. Neno la daktari sikulipunguza, ingawa pale ilinibidi nirudie. Alisema, "Mwili hauna akiba. Basi akiba ikae kwenye madumu." Radhi uliyoomba hakuitaja. Alisema tu kwamba shemeji yake angekuwa na adabu angetuma na biskuti.

Sasa sikiliza jambo la mwisho. Siku kumi ulizozihesabu, kweli zilikuwa kumi. Madumu yote manne yalikwisha tarehe nane. Jana jua lilitoka, nimepata maji ya bomba la shule, leo alfajiri nikayachuja, nikatia vidonge vilivyobaki, nikajaza upya. Asubuhi niliyaingiza chumbani kwa woga, nikamuuliza niyaweke sebuleni pasipo na mlango au wapi. Akasema, "Pale pale."

Akaomba mkaa. Alishuka kitandani mwenyewe, akishika ukuta, akapiga magoti mbele ya madumu. Alihesabu miezi kwa vidole, akakosea, akaanza upya. Akaandika juu ya kila moja kwa ule mwandiko wake wa kuinama: 10 Agosti. Alipofika la nne alinigeukia akasema, "Mwandikie Mwalimu aje siku hiyo. Asilete kitu. Aje anishikie dumu upande mmoja, tuyamwage, tujaze mengine."

Nikakaa kukuandikia. Akaniuliza kama nimeweka tarehe, maana anajua ulivyo. Nikamwambia bado. Akachukua kalamu.

Hiyo iliyo juu ya barua hii ni mkono wake.

Ndugu yako,
Mwanne